Wimbo Uliomtaja Baba

Mpaka leo nikisikia harufu ya blanketi lililolala karibu na moto wa kuni mbichi, akili yangu hairudi jikoni kwa mtu yeyote. Inarudi kwenye darasa la tano la shule yetu ya kijiji, Jumapili mchana baada ya misa, madirisha yote yakiwa yamezibwa. Kila nyumba ilikuwa imetakiwa kutoa blanketi moja, na mafundi wa siku ile, yaani sisi watoto wakubwa, tulikuwa tumeyapigilia misumari kwenye fremu za madirisha mpaka giza likaingia darasani saa nane ya mchana. Giza lenyewe halikuwa kamili. Mablanketi yetu yalikuwa na matundu ya cheche, na jua la Ufipa la mwezi wa Juni, ambalo haliwapi watu joto ila linawaumiza macho, lilipenya humo na kuchora vidoa vyeupe kwenye migongo ya watu. Nje, karibu na choo cha walimu, jenereta ilikuwa inanguruma na kutema moshi wa petroli. Ndani tulikuwa tumebanana kama mahindi kwenye gunia, tukinusa moshi, sabuni ya mche, maziwa ya mgando na mikojo ya watoto wachanga, huku tukikodolea macho shuka jeupe lililotundikwa juu ya ubao. Sinema ilikuwa ya kwao sista, Mhispania kijana aliyekuwa ametumwa kwenye zahanati ya misheni miezi michache kabla. Alikuja nayo kwenye gari, ndani ya makopo ya bati ya duara, akasema kwa Kiswahili chake kilichokuwa bado kinachechemea kwamba ametuletea furaha.

Kijiji chenyewe kilikuwa hakijatimiza hata mwaka. Tulihamishiwa pale kutoka kilimani, mwendo wa nusu siku kwa miguu, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara iendayo Laela. Siku ya kuhama, mgambo walishusha paa la nyumba yetu, na wawili kati yao walikuwa binamu za mama, kwa hiyo walifanya kazi ile wakiwa wameinamisha nyuso, wakituomba maji ya kunywa kila mara ili wapate la kusema. Sitaki kudanganya. Kijiji kipya kilikuwa na shule ambayo mtoto hakulazimika kuiendea kwa mwendo wa saa tatu, na kilikuwa na bomba moja lililotoa maji siku nyingi za wiki. Mimi mwenyewe nilipapenda haraka, maana nilikuwa mtoto wa kupenda kuona magari, na kule kilimani gari tulilisikia tu likipita mbali, upande wa pili wa upepo. Aliyeshindwa kupapenda ni baba.

Baba aliitwa Leonsi, na alikuwa mtu wa ntumba. Kwa asiyejua, ntumba ni vituta vya mviringo ambavyo Wafipa wanavilima mvua zinapokaribia kuisha. Mtu anakata nyasi, anazipanga, kisha anazifunika kwa udongo uliopinduliwa pamoja na mizizi yake, nyasi zinaoza humo ndani polepole kama chakula kilichofunikwa. Juu yake unapanda maharage. Mwaka unaofuata unavibomoa, unausambaza ule udongo mweusi, ndipo unapanda ulezi. Ni kazi ya misimu miwili. Anayekuambia uhame katikati ya misimu hiyo anakuambia uache chakula ambacho tayari umekwisha kukilipia kwa mgongo. Baba aliacha kule kilimani shamba zima la ulezi ambalo lilikuwa linakaribia kukomaa, na amri ilikuwa kwamba hakuna kurudi, sote tutakula kutoka shamba la kijiji. Shamba la kijiji mwaka ule lilikuwa bado ni nyasi na hotuba.

Akarudi. Mara ya kwanza balozi wetu wa nyumba kumi, tuliyemwita Baba Tekla kwa jina la binti yake wa kwanza, alimsema tu. Mara ya pili mwenyekiti wa kijiji alimsema mbele ya mkutano. Mara ya tatu mgambo walimkuta kule juu akivuna, kisu mkononi, mashuke ya ulezi yakiwa yamejaa kwenye kapu, wakamshusha mpaka mjini Sumbawanga na kumweka mahabusu. Mama alimpelekea chakula kila Jumamosi. Alikuwa anarudi jioni, anakaa kwenye kigoda, anavua kanga ya kichwani na kutuambia mimi na mdogo wangu maneno yale yale: "Nimemwona. Yuko kwenye dirisha la nondo. Kauliza kama mnasoma." Nyumba zetu zilikuwa na vidirisha vya kuziba kwa ubao, na hata nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa hivyo. Dirisha la nondo mimi na Skola tulikuwa hatujawahi kuliona popote, ila tulijua kazi yake.

Skola ni mdogo wangu, Skolastika kwenye cheti cha ubatizo. Wakati ule alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na moja. Alikuwa na sauti ambayo hata sasa sijui niielezeje. Haikuwa kubwa. Ilikuwa inaingia ndani ya kelele bila kuisukuma. Akiimba kanisani, kina mama waliokuwa wananong'onezana waliacha, na wala hawakujua kwa nini wameacha. Mimi sikujaliwa sauti. Nilijaliwa maneno, nikawa natunga vijishairi vya kuwakejeli wenzangu, na yeye anaviimba, na wenzangu wanatupiga wote wawili.

Sasa turudi darasani. Pembeni ya lile shuka alisimama katekista wetu, Mwalimu Krizanti, na fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Kazi ya kutuelezea sinema alipewa yeye kwa sababu ndiye aliyezoea kutuelezea mambo tusiyoyaelewa: mahubiri ya mapadri wageni, barua za serikali, maandishi kwenye chupa za dawa. Kihispania hakujua hata neno. Sista alikuwa amemsimulia kidogo kabla ya kuanza, kwa kile Kiswahili chake, halafu akaenda kushughulika na mashine iliyokuwa inakata filamu kila baada ya muda. Krizanti akabaki na fimbo yake na watu mia moja waliotaka kujua.

Akatokea mtoto wa kiume, nywele zimepakwa mafuta na kulazwa upande. Alifungua kinywa akaimba. Sijawahi kuona watu wazima wakinyamaza vile. Tulikuwa tumezoea kwaya, sauti nyingi zikibebana, lakini huyu alikuwa peke yake kwenye barabara nyembamba ya mawe, katikati ya nyumba nyeupe, sauti inapanda, inatetemeka pale juu, halafu inashuka kama mtu anayeteremka ngazi kwa hiari yake. Kisha tukaona anaimbia nini. Mbele yake kulikuwa na dirisha kubwa la nondo, na nyuma ya nondo alikuwa amesimama mwanamume mwenye ndevu, mikono ameshika vyuma, uso umelegea kwa majonzi.

"Huyo ni baba yake," alisema Krizanti, fimbo ikigusa shuka. "Mnaona wenyewe. Amefungwa."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa Kifipa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili sista naye asikie, "Kafungwa kwa kosa gani, Mwalimu?"

Krizanti alilitazama shuka. Mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hakuwepo, alikuwa mjini kwenye kikao.

"Alikataa kuhama," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma alikohoa, na mama, aliyekuwa amempakata Skola ingawa Skola alishakuwa mkubwa wa kupakatwa, alimkaza mkono mpaka akalalamika. Sista, ambaye hakuelewa, alitabasamu kutoka kwenye mashine yake na kutikisa kichwa kwamba ndiyo, endelea. Naye Krizanti akaendelea. Mtoto akaenda kwenye nyumba kubwa yenye ngazi, akaimba mbele ya wazee waliovaa suti nyeusi. "Huyu wa katikati ndiye Mkuu wa Mkoa wa kwao," alituambia. "Sasa mtoto anamwombea baba." Mzee wa katikati alifuta macho kwa kitambaa. Baadaye yule mwenye ndevu akatoka mlangoni, akamkumbatia mtoto katikati ya barabara, kengele zikalia, na kina mama wa kijiji chetu wakapiga vigelegele kama wako kwenye harusi ya mtu wanayemfahamu.

Sinema ile ilionyeshwa Jumapili tatu mfululizo, kwa sababu darasa lilikuwa dogo na kijiji kilikuwa kikubwa. Jumapili ya pili mwenyekiti alikuja, akakaa kiti cha mbele, na Krizanti alipofika pale penye dirisha akasema yule mtu kafungwa kwa kuiba punda. Ningepaswa kushtuka hapo. Mtoto mwenye akili angejiuliza imekuwaje kosa libadilike ndani ya wiki moja wakati picha ni ile ile. Mimi nilijiona mwerevu zaidi ya hapo: nikaamua kwamba kosa la kweli ni lile la kwanza, na la punda ni la kumridhisha mwenyekiti. Nilikuwa nimejua kwamba Krizanti anaogopa. Sikuwa nimejua kwamba anabuni.

Kufikia Jumapili ya tatu Skola alikuwa ameshika wimbo wote. Maneno yake hakuyajua, akawa anaimba kwa sauti za ovyo ovyo zilizofanana na Kihispania, na wasichana wenzake wakawa wanamfuata bombani wakimwambia, "We Mhispania, tuimbie, tutakubebea ndoo." Ndipo ikatangazwa shuleni kwamba mkubwa mmoja kutoka mkoani atakuja kukagua kijiji, na kwaya ya shule ijiandae. Mwalimu mkuu, mtu wa Mbeya aliyekuwa mpole kupita cheo chake, alimteua Skola aongoze. Wimbo uliotungwa ulikuwa wa kawaida: umoja, jembe, shamba letu, karibu mgeni wetu.

Wazo lilikuwa langu. Nasema hivi wazi, kwa kuwa muda mrefu wa maisha yangu nimelisimulia kama wazo letu. Nilikuwa nachunga ndama na Skola, upepo wa baridi unatukata masikio, nikamwambia, "Ukimaliza ubeti wa pili, toka mbele kama yule mtoto. Imba ule wimbo, nitakupa maneno." Aliniuliza, "Na nikipigwa?" Nikamjibu kwamba yule wa kwenye sinema hakupigwa. Maneno niliyatunga kwa siku tatu. Nayakumbuka yote, ila nitaandika haya tu:

Leonsi wa kilimani, baba yetu,
mkono wake ni jembe, mgongo wake ni shamba,
yuko nyuma ya nondo, Mheshimiwa,
mwambie mwenye ufunguo afungue.

Jina la baba nililiweka mwanzo kabisa kwa sababu lilikaa vizuri pale ambapo sauti inapanda. Hakukuwa na sababu nyingine. Ningeweza kusema "baba yetu mpenzi," lakini "Leonsi" lilikuwa na sauti nzuri zaidi, nami nilikuwa fundi mdogo mwenye majivuno.

Mgeni alikuja saa nne asubuhi na magari mawili. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na namkumbuka akishika shati lisipeperushwe na upepo. Kwaya ikaanza. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma kabisa, kati ya wale tulioambiwa tufungue midomo tu bila kutoa sauti. Ubeti wa pili ulipokwisha Skola akatoka, akapiga hatua tano, akaimba. Mwalimu mkuu aliinua mkono kumzuia kisha mkono ukabaki hewani. Niliona mama ameziba mdomo kwa kanga. Niliona mgeni ameinamisha kichwa upande, kama mzee wa kwenye shuka, nikajua kwamba tumeshinda. Alipomaliza, mgeni alipiga makofi, akamwita, akamshika kichwa na kusema kwa sauti iliyosikiwa na wote, "Sauti kama hii ni mali ya taifa." Watu wakapiga vigelegele. Halafu akamgeukia mwenyekiti na kumuuliza, si kwa ukali hata kidogo, kama mtu anayeuliza njia: "Huyu Leonsi ni nani?"

Kilichofuata nilikuja kukifahamu vipande vipande. Baba Tekla, yule balozi, ndiye aliyeniambia kipande kikubwa, miaka miwili baadaye, akiwa amekunywa pombe ya ulezi na kuchoka kukaa nacho peke yake. "Mwanangu, sisi tulikuwa tumeshaongea na wale askari wa mjini," alisema. "Baba yako alikuwa hajaandikwa popote. Jumatatu ile angerudi kimya kimya, angeonywa, yangeisha. Sasa mkubwa akauliza jina, na jina likishaulizwa na mkubwa lazima lijibiwe kwa karatasi." Karatasi ikaandikwa. Ikasemwa kwamba mtu huyu amefundisha hata watoto wake kuipinga serikali hadharani. Baba alipelekwa gereza la kilimo mbali na huku kwetu, akalima mashamba ya watu asiowajua kwa misimu miwili ya ulezi.

Jumatatu hiyo hiyo Skola aliitwa ofisini. Mimi nilikuwa nje, nimepangiwa kumwagilia maua ya ofisi, na dirisha lilikuwa wazi. Kulikuwa na mwalimu mkuu, mwenyekiti, na mtu mwingine aliyekuja kwa baiskeli kutoka tarafani.

"Nani kakutungia?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Skolastika, mwanangu, sema tu. Ni mama? Ni katekista?"

"Nilitunga mwenyewe, Mwalimu."

"Wewe darasa la tatu unajua kutunga hivi?" akadakia yule wa baiskeli, akacheka. "Basi tuwaandikie Dar es Salaam, tumepata mshairi."

Halafu fimbo. Sikuzihesabu. Nilikuwa nimeshika kopo la maji, na maji yote niliyamwaga kwenye mmea mmoja mpaka mizizi ikaonekana. Ilikuwa hatua nne kutoka pale nilipokuwa mpaka mlango wa ofisi. Nimekwenda mbali sana katika maisha yangu, nimesafiri kutoka mpakani Kasesya hadi miji ya migodi ya shaba kwa kudandia malori, lakini zile hatua nne sikuzitembea. Skola alitoka akanipita. Hakunitazama kwa hasira wala kwa huruma. Alisema, "Umeyaua maua," akaenda bombani kunawa uso.

Krizanti naye waliuliza habari zake, na kabla mambo hayajamfikia aliaga baada ya misa ya asubuhi, akafunga mizigo na kuhamia kwa shemeji yake upande wa Kate. Sista alirudishwa mjini. Mwalimu mkuu alihamishwa mwishoni mwa mwaka. Skola hakuimba tena. Hakuna aliyemkataza. Kanisani alikuwa anasimama na wenzake, anashika kitabu cha nyimbo, anafungua ukurasa sahihi, na kinywa chake kimefungwa.

Baba alirudi wakati mimi niko darasa la sita. Alikuwa amekonda, na mkono wa kulia haukunyooka vizuri. Hakutusimulia chochote. Akalima ntumba zake kwenye kipande alichopewa kijijini, sawasawa na alivyoambiwa. Jioni tulipokula, aliniangalia. Nakuwa na tonge mkononi, nainua macho, nakuta ananitazama, halafu anaangalia pembeni. Hakuniuliza neno. Nilihesabu kwamba mama au Skola wamekwisha kumwambia yule aliyemfungisha ni nani, au la sivyo hajui, na siku atakapojua ataniua. Sikujua lipi ni baya zaidi. Miezi minne nilivumilia. Siku moja nilipewa ada ya mtihani nikalipe shuleni, nikapita shule, nikafika barabarani, nikapanda lori la mahindi. Hivyo ndivyo nilivyoacha shule, na ndivyo nilivyoanza maisha haya ya kutokaa mahali. Baba alifariki mimi nikiwa ng'ambo, nami nilipata habari baada ya arobaini kupita.

Sehemu ya pili ya elimu yangu niliipata upande wa Zambia, nikiwa mlinzi na mkata majani kwenye nyumba ya wamisionari. Kulikuwa na bruda mmoja mzee, seremala, Mhispania aliyejua Kibemba kuliko mimi. Kwenye ukuta wa karakana yake alikuwa amebandika picha ya barabara nyembamba yenye nyumba nyeupe. Kila dirisha lilikuwa na nondo kutoka juu mpaka karibu na ardhi, na kwenye nondo zilining'inia sufuria za maua.

"Bruda," nikamuuliza, "hili gereza mbona lina maua?"

Aliweka randa chini ili acheke vizuri. "Gereza? Hiyo ni nyumba ya mama yangu!"

"Na hizo nondo?"

"Kwetu kila nyumba ina nondo. Vijana wanasimama nje kuwaimbia wasichana, baba mtu analala salama."

Nilimsimulia ile sinema. Sikufika hata kwenye ngazi za ile nyumba kubwa, akaanza kuupiga mluzi ule wimbo, wote, mpaka pale unapotetemeka. Kwao, alisema, hakuna mtu wa umri wake asiyeijua sinema ile. Yule mwenye ndevu alikuwa tajiri mmoja mnung'unikaji aliyefiwa na mke, akajifungia ndani kwake miaka mingi. Wale wazee wa suti nyeusi walikuwa waamuzi wa mashindano ya kuimba. "Ufunguo alikuwa nao mwenyewe," alisema bruda, akichukua tena randa yake. "Mfukoni mwake." Nilikaa chini kwenye maranda ya mbao. Alidhani ninaumwa, akaniletea maji.

Habari hiyo niliibeba miaka mingi, kutoka kazi moja hadi nyingine, kabla sijaifikisha kwa aliyestahili kuipata. Mwaka jana nilipanda basi Tunduma, nikashuka Laela. Skola ni bibi sasa, ananunua mahindi kwa wakulima na kuwauzia wenye malori, na nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, yenye madirisha ya nondo kama nyumba zote za barabara ile, kwa sababu ya wezi. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Mjukuu wake alikuwa amesimama mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye ndoo, anaimba, anawataja kwa majina diwani, mwenye kiwanda cha kusaga, na mvulana wa darasani kwao. Mtu yeyote duniani angeweza kumsikia. Nilimtazama yule mtoto kwa wivu ambao mtu wa umri wangu hapaswi kuwa nao. Sisi tulitaja jina moja tu, mbele ya mtu mmoja.

Nilimsubiri mjukuu aende zake, ndipo nikamwambia Skola yote: nyumba nyeupe, tajiri, waamuzi, ufunguo. Aliendelea kutupa mawe madogo pembeni ya ungo.

"Kwa hiyo umetoka Tunduma mpaka hapa kuja kunipa habari za madirisha ya Wazungu," alisema.

"Nimekuja kukuambia maneno yalikuwa yangu. Jina nililiweka mimi. Na baba amekufa akidhani ni wewe."

"Nani kakuambia alidhani ni mimi?"

Aliuweka ungo chini.

"Alijua, kaka. Wiki ile aliyorudi aliniita shambani, akaniuliza. Baba mwenyewe ningemdanganyaje? Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Alisema jina lake lilikaa vizuri kwenye wimbo." Alifuta vumbi mikononi. "Halafu akasema tusikuambie kwamba anajua. Akasema, huyu akijua ataona haya, na akiona haya ataondoka, nami nimekwisha kukaa mbali na wanangu vya kutosha. Basi tukanyamaza wote, mama, mimi, yeye. Tulikuwa tunachunga midomo yetu kila tunapokula. Na wewe ukaondoka."

Tulizungumza mambo mengine: bei ya mbolea, kaburi la mama, watoto wake walioko Mbeya. Alinitandikia kitanda cha chumba cha mbele. Asubuhi nilipoamka nilimkuta ameshakwenda kwenye magunia yake, na mezani kulikuwa na mfuko wenye viazi vya kuchemsha, chumvi imefungwa kwenye kikaratasi, na chupa ya maji. Hakuwa ameniuliza kama naondoka.